Je, ni kukosa adabu kuvaa saa ya mpiga mbizi ilhali hujui kuogelea?

Mjomba wangu alipostaafu alinipa saa yake. Ni nzito, ya chuma, ina pete nyeusi inayozunguka kioo na maandishi madogo yanayosema haipitishi maji hadi mita 200. Ni saa ya wapiga mbizi. Mimi nimelelewa Eastlands, Nairobi, na sijui kuogelea. Nikaiweka kwenye droo, ikakaa humo miaka sita.

Niliamini ninafanya jambo la heshima. Saa iliyotengenezewa wapiga mbizi ni ya wapiga mbizi, niliwaza, na kuivaa bila kuwa mmoja wao ni kujipachika sifa za watu. Bibi yangu alipenda kusema cha kuazima hakistiri matako, nami methali hiyo niliitwika kila saa ya namna hiyo: ya marubani, ya askari, ya madereva wa mashindano. Kuna rafiki yangu aliyekuja kwenye harusi amevaa saa ya rubani. Nilimuuliza mbele ya meza nzima ameendesha ndege gani kutoka uwanja wa ndege wa Wilson. Akaivua kimya kimya na kuitia mfukoni. Siku hiyo aliyekosa adabu ni mimi, na ilinichukua muda kuelewa kwa nini.

Kosa langu lilikuwa katika neno moja dogo, "ya". Nikisema "saa ya mjomba", "ya" inaonyesha mwenye mali. Nikisema "sufuria ya ugali" au "viatu vya mvua", kiungo hichohicho kinaonyesha kazi. Viatu vya mvua si mali ya mvua, na ukivivaa siku ya jua kali humwibii mtu. Unavaa tu kiatu kinachoweza zaidi ya unachokidai siku hiyo. "Saa ya mpiga mbizi" mimi niliisoma kama "saa ya mjomba", ilhali ilipaswa isomwe kama "sufuria ya ugali", na sufuria hiyo watu huipikia hata wali.

Historia inaunga mkono usomaji huo. Rolex walipoanza kuuza Submariner, saa yao ya kuzamia, katika miaka ya 1950, haikuwa saa ya wenye vyeti vya kuzamia peke yao; mwenye pesa aliinunua. GMT-Master yao ya muongo huohuo ilibuniwa kwa ajili ya marubani wa shirika la ndege la Pan Am waliohitaji kuona saa za nchi mbili kwa wakati mmoja, nayo ikaishia kwenye mikono ya abiria. Reverso ya Jaeger-LeCoultre, ya mwaka 1931, uso wake hugeuzwa ukatazama chini ili kioo kisivunjwe na mpira wa polo, mchezo wa wapanda farasi. Wapo wanaocheza polo hapa Nairobi, Jamhuri Park, lakini kama Reverso ingewategemea wachezaji wa polo wa dunia nzima ingekwisha zamani.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Speedmaster ya Omega. Ilitoka mwaka 1957 kwa ajili ya mashindano ya magari, na pembezoni mwake imezungushiwa kipimo cha kukokotoa mwendo. Mwaka 1965 NASA, shirika la anga la Marekani, baada ya kuzitesa saa za kampuni kadhaa kwa joto, baridi na mtikisiko, ikaipitisha hiyo. Julai 1969 mwanaanga Buzz Aldrin alitembea Mwezini akiwa ameifunga juu ya mkono wa suti yake. Yaani saa maarufu kuliko zote za wanaanga ni saa ya madereva, iliyovaliwa na mtu asiye dereva wa mashindano, mahali pasipo na barabara. Na ukirudi nyuma zaidi, saa ya mkononi yenyewe huko Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa pambo la wanawake. Mwanamume alibeba ya mfukoni yenye mnyororo. Vita vya Kwanza vya Dunia ndivyo vilivyowageuza wanaume wengi, maana askari aliyeshika bunduki ndani ya handaki hana mkono wa kupekua koti. Kwa hiyo mwanamume anayemcheka mwenzake kwa kuvaa saa isiyo ya kundi lake, mwenyewe amevaa kitu kilichovuka mpaka kumfikia.

Je, basi kila saa ni halali kwa kila mkono? Hapana, na hapa ndipo jambo linapovutia.

Fikiria siku timu za soka za Gor Mahia na AFC Leopards zinapokutana. Kuanzia asubuhi matatu zinajaa jezi za kijani na za bluu. Hakuna anayedhani kila aliyevaa kijani ni mchezaji. Jezi inasema "nawapenda hawa", na maneno hayo ni ya kweli kwa yeyote anayeyasema. Sasa mtu mwingine apande matatu hiyohiyo akiwa na medali ya kumaliza marathoni shingoni, medali aliyoinunua kwa mchuuzi. Medali haisemi "napenda kukimbia". Inasema "nilikimbia, nikamaliza". Vyote viwili ni vitu vya kuvaa, na vyote vinahusu michezo, lakini kimoja ni mapenzi na kingine ni ushahidi.

Ushahidi una udhaifu wake. Nguvu yake yote inatokana na kwamba haupatikani dukani. Ni kama mhuri wa chifu kwenye barua: wino wenyewe hauna thamani, thamani ni kwamba mkono mmoja tu unaruhusiwa kuugonga. Mhuri wa pili ukichongwa mtaani, barua halali nazo zinaanza kutiliwa shaka. Tumeliona hili Kenya kwenye vyeti feki vya masomo. Anayeumia kwanza ni yule aliyekesha akisoma, ambaye sasa karatasi yake inaangaliwa mara mbili. Mvaaji wa medali asiyoipata hamchukulii mkimbiaji kitu chake, ila anamwongezea mzigo wa kuthibitisha.

Saa nyingi ni jezi. Chache ni medali. Mfano ulio wazi kabisa ni MBI ya kampuni ya Uingereza iitwayo Bremont, inayotengenezwa kwa ushirikiano na Martin-Baker, wenye viti vinavyomrusha rubani nje ya ndege ya kivita inapokuwa haina tena wokovu. Kuwa na pesa hakutoshi kupata MBI. Sharti uwe umerushwa na kiti cha Martin-Baker ukaokoka, na ubavu mwekundu wa saa ndio alama yake. Sisi wengine tulitengenezewa MBII, yenye rangi nyingine. Kampuni yenyewe imechora mstari, jambo lisilotokea mara nyingi.

Penye mstari usiochorwa, kazi inabaki kwa mvaaji. Uingereza iliagiza saa kwa kampuni 12 wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, zikiwemo Omega, Longines na IWC, kila moja ikiwa na alama ya mshale. Wengi huuona mshale huo kama alama ya ushujaa, ilhali maana yake ni mali ya serikali, kama namba inayopakwa kwenye kiti cha ofisi. Ukiivaa leo hujadai lolote. Kwetu raia haruhusiwi kuvaa sare ya jeshi au ya polisi, na kwa sare sheria imeshaamua. Kwa saa huamuliwa kwa adabu, na adabu hii haikuandikwa popote. Ninavyoona mimi, mtoto anayevaa saa ya marehemu baba yake iliyochongwa nyuma "kwa miaka 30 ya utumishi" hadanganyi mtu, kwa sababu anadai baba, hadai utumishi. Wasiwasi wangu uko kwa saa ya muuguzi, ile inayobandikwa kifuani kichwa chini ili mwenyewe aisome kwa kuinamisha macho. Ni kifaa tu. Lakini ajali ikitokea Thika Road, macho ya watu yatatafuta alama ya aliye na ujuzi wa kusaidia, na sekunde zitakazopotea kwa kukukimbilia wewe si zako.

Kuna pia saa ambazo kundi lenyewe linakuomba uvae. Bradley, ya kampuni ya Eone, ilitoka mwaka 2013 kwa ajili ya wasioona. Haina mishale. Gololi moja ya chuma huzunguka usoni ikionyesha dakika, nyingine pembeni ikionyesha saa, zote zikivutwa na sumaku, nawe unasoma kwa kidole. Imepewa jina la Bradley Snyder, mwanajeshi wa majini wa Marekani aliyepoteza uwezo wa kuona Afghanistan mwaka 2011, na mwaka uliofuata akashinda dhahabu ya kuogelea kwenye Paralimpiki za London. Tangu mwanzo ilikusudiwa kuwapendeza wanaoona pia, ili kuivaa kusiwe kumtangaza mtu kuwa haoni. Kila anayeona akiivaa, anamfanya asiyeona aonekane wa kawaida. Hapa kukataa kuvaa eti kwa heshima, kama nilivyofanya na saa ya mjomba, ndiko kungekuwa kinyume cha heshima.

Ile ya mjomba niliitoa kwenye droo. Pete yake, ya kuhesabia dakika ulizokaa chini ya maji, huzunguka upande mmoja tu, kwa sababu nzuri: ikigongwa chini ya maji itaonyesha umekaa muda mrefu kuliko ulivyokaa, na utapanda ukiwa bado na hewa. Mimi naipimia dakika 30 za kulaza unga wa chapati. Rafiki wa harusi nilimwomba msamaha.

Ipo saa nyingine, niliyoinunua sokoni Gikomba kabla sijaelewa haya. Usoni ina nembo ya mwavuli wenye mabawa, ya kikosi cha jeshi la nchi ya mbali. Mzee wa mtaani kwetu, mwanajeshi mstaafu aliyewahi kuruka kwa mwavuli, aliiona mkononi mwangu akauliza, "Kijana wangu, ulikuwa kikosi gani?" Nikamwambia ukweli. Hakunikemea. Alisema tu kwamba mabawa hayo kuna watu waliyavunjikia miguu. Wiki hiyo nilimpelekea nyumbani kwake, nikidhani imepata mwenyewe. Aliivaa miwani yake, akaigeuza saa chini ya taa, akanirudishia.

"Hata mimi siwezi," alisema. "Haya si ya kikosi changu."