Begi mgongoni, Mang'ula hadi Kakamega: maswali ya afya kwa msafiri wa bajeti ndogo

Vijana wengi wa Dar, Arusha na Nairobi siku hizi wanapanda basi au treni ya TAZARA kwenda kulala kwenye guest za bei poa pembezoni mwa misitu: Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, Amani juu ya Muheza, Kakamega, au Buhoma kule Bwindi, Uganda. Maswali yao mengi ni kuhusu chatu na chui. Majibu ya hapa yanahusu zaidi mbu na maji, maana hao ndio wanaolaza watu wodini.

Mimi nimezaliwa Arusha. Malaria si ya Wazungu wanaokuja likizo?

Hapana. Kinga ya malaria haiji na rangi ya ngozi. Mtu huijenga kwa kuambukizwa mara kwa mara, miaka na miaka, na hata hapo haimzuii kuugua. Humpunguzia makali tu. Akihama, inafifia. Kwa hiyo aliyekulia Arusha, Njombe au katikati ya Nairobi anaingia bonde la Kilombero, iliko Mang'ula, karibu sawa na mgeni aliyeshuka kwenye ndege jana. Hata mzaliwa wa Ifakara aliyekaa miaka kadhaa mjini kwenye malaria kidogo asijidanganye. Bonde lile ni mashamba ya mpunga na maji yaliyotuama, na si bahati mbaya kwamba taasisi kubwa ya utafiti wa malaria iko hapo hapo Ifakara.

Basi ninywe dawa gani ya kujikinga?

Muulize daktari au mfamasia kabla ya safari, si stendi. Kwa mfuko mdogo wengi huishia kwenye doksisaiklini: miligramu 100 kila siku, kuanzia siku moja au mbili kabla ya kufika, kila siku ukiwa huko, kisha wiki nne baada ya kuondoka. Hizo wiki nne ndizo watu wanazoziruka, na ndipo malaria inapowakuta nyumbani. Imeze na chakula na maji mengi, na usilale papo hapo, maana huunguza koo la chakula. Jua nalo litakuchoma kuliko kawaida. Haiwafai wajawazito wala watoto wadogo. Klorokwini ya zamani imeshindwa na vimelea vya kwetu, SP wanayopewa wajawazito kliniki si ya msafiri, na dawa mseto ni ya kutibu. Usimeze kidonge kimoja kimoja cha mseto "kwa tahadhari".

Guest ina chandarua, inatosha?

Kikague kabla ya kulipa. Kinyanyue mbele ya taa uone matundu, hasa upande wa kichwani na pale kinapogusa ukuta. Tundu dogo lifunge kwa uzi. Ndiyo sababu ya kubeba sindano na uzi. Kikiwa kifupi kiasi cha kuishia juu ya godoro, omba kingine, kwa sababu lazima pindo lichomekwe chini ya godoro pande zote. Usilale umeegemeza mkono kwenye wavu, mbu atakuuma kwa nje bila kuingia. Jioni vaa mikono mirefu na soksi, ujipake dawa ya kufukuza mbu. Mchana nao si salama kabisa: mbu wa homa ya dengue na homa ya manjano huuma kukiwa na mwanga.

Nikipata homa huko huko?

Kipimo cha haraka cha malaria kipo kwenye zahanati nyingi na majibu hutoka ndani ya nusu saa. Pima siku hiyo hiyo. Ukikutwa nayo, maliza dozi yote ya siku tatu, ukiinywa pamoja na chakula chenye mafuta kidogo. Kwa kuwa homa inaweza kuwa dengue, tuliza kwa parasetamoli, uache ibuprofeni, aspirini na diklofenaki, kwani huongeza hatari ya kuvuja damu.

Mama ntilie ni salama?

Mara nyingi ndiyo, kuliko hoteli yenye vyombo vya chakula vilivyokaa tangu asubuhi. Kula kinachotoka jikoni kikifuka moshi. Ruka kachumbari, barafu na juisi iliyochanganywa na maji usiyoyajua. Ukiharisha, changanya lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazisha, unywe kila unapotoka chooni. Choo kikiwa na damu au homa ikipanda, nenda hospitali.

Naweza kuogelea kwenye maporomoko?

Maporomoko ya Sanje kule Udzungwa, yenye mita 170 hivi, maji yake yanashuka kwa kasi kutoka mlimani, na konokono wa kichocho hapendi mkondo mkali. Wasiwasi ni huku chini: mifereji ya mpunga, madimbwi, kingo za mto uliotulia. Dakika chache tu zinatosha vimelea kupenya ngozi.

Nyoka je? Wenyeji wana jiwe la nyoka.

Lile jiwe jeusi halivuti sumu, linakula muda. Usikate, usinyonye, usikaze kamba. Vua pete na bangili, funga mguu au mkono kwenye kijiti usitikisike, ubebwe hospitali. Kumfukuza nyoka ili kumuua ni kujitafutia jeraha la pili.

Tumbili au mbwa akikung'ata, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha kachanjwe kichaa cha mbwa bila kusubiri dalili. Dalili zikitokea, tiba hakuna.

Mapango ya popo?

Kaa nje. Mwaka 2008 mtalii kutoka Uholanzi alikufa kwa Marburg, ugonjwa wa virusi wanaobebwa na popo, baada ya kuingia pango la popo katika msitu wa Maramagambo, Uganda. Kagera nako ugonjwa huo ulitokea mwaka 2023.

Kadi ya homa ya manjano?

Chanja angalau siku 10 kabla ya kuvuka mpaka. Cheti huanza kufanya kazi hapo, na tangu 2016 kinadumu maisha yote. Kuna wanaonunua kadi bila sindano. Afisa wa mpakani unaweza kumdanganya, mbu hapana.

Nimesharudi, najisikia mzima. Imeisha?

Bado. Malaria inaweza kujitokeza wiki kadhaa baadaye, kwa hiyo homa yoyote katika miezi mitatu ya mwanzo ni ya kupimwa, na mwambie daktari ulikokwenda hata asipouliza. Kama uligusa maji yaliyotulia, pima mkojo na choo baada ya miezi miwili au mitatu. Mapema zaidi mayai ya kichocho hayajaanza kuonekana. Dawa yake ni prazikwanteli.