Je, wajua kwa nini gauni la zamani linakugomea ilhali uzito wako ni uleule?

Shangazi yangu ana gauni la bluu aliloshonewa akiwa na miaka 45. Sasa ana 68, na mizani bado inamsomea kilo zilezile, jambo ambalo hachoki kutukumbusha. Juzi alilitoa kabatini ili avae harusini. Akasimama mbele ya kioo, na kwa muda wa dakika kumi mkono wake haukutulia. Akivuta shingo ya gauni mbele, inarudi nyuma na kumkaba koo. Akishusha pindo la nyuma, linapanda. Chini ya kifua kitambaa kimejirundika kama pazia lililozidi dirisha. Mwishowe akalivua na kusema, "Basi, mimi na nguo nzuri tumeachana."

Nikamwambia, "Hapana, shangazi. Gauni limebaki palepale, mwili ndio umesogea." Akanitazama. "Umesogea kwenda wapi, na kilo hazijaongezeka?"

Umesogea kwenda chini na mbele. Kuanzia miaka 40 hivi, binadamu hupungua urefu kwa takriban sentimita moja kila miaka kumi, na baada ya miaka 70 kasi huongezeka. Kwa mwanamke, kati ya miaka 30 na 70 inaweza kufika sentimita 5. Visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hupoteza maji na kubonyea, na pingili zenyewe hubonyea kidogo mifupa inapokuwa myepesi. Miguu na mikono haimo katika hesabu hiyo. Karibu ufupi wote unatoka kwenye kiwiliwili. Ndiyo maana suruali ya miaka ile bado inaishia palepale kifundoni, lakini mshono wa kiuno wa gauni umeteremka na kukalia nyonga.

Kiwiliwili kikifupika, mbavu zinausogelea mfupa wa nyonga, na vilivyomo katikati havina pa kwenda ila mbele. Tumbo linatokeza bila kuongezeka hata gramu moja. Juu ya hilo, hedhi ikishakoma homoni ya estrojeni hupungua, na mafuta yaliyozoea kukaa nyonga na mapaja huanza kujikusanya tumboni. Kilo ni zilezile, zimehama nyumba tu.

Kinachowasumbua wengi zaidi bila wao kukijua ni mgongo wa juu, ambao taratibu hujipinda. Nilichukua tepu tukapima. Nyuma, kutoka ile pingili inayotokeza chini ya shingo hadi kiunoni. Mbele, kutoka kishimo cha koo hadi kiunoni. Kisha tukapima gauni kwenye njia hizohizo mbili. Njia ya nyuma ya shangazi ilikuwa ndefu kuliko ya gauni, kwa sababu sasa inapanda kilima kidogo kabla ya kushuka. Njia ya mbele ilikuwa fupi kuliko ya gauni, kwa sababu kifua kimejikunja. Hapo mambo yote ya kioo yakajieleza. Nyuma kitambaa hakitoshi, kwa hiyo kinavuta gauni zima kuelekea mgongoni, shingo inakaba na pindo linapanda. Mbele kimezidi, kwa hiyo kinarundikana.

(Hapa niseme jambo lisilo la fundi: aliyepungua sentimita 4 au zaidi tangu ujana wake, au aliyepungua haraka, akamwone daktari. Huenda mifupa imeanza kudhoofika na pingili kuvunjika kimyakimya.)

Nguo za dukani nazo hukatwa zikimwaza mwanamke anayesimama wima. Saizi nyingi za nguo za viwandani zina mizizi katika kazi ya serikali ya Marekani ya mwaka 1939 na 1940, ambapo wanawake karibu 15,000 walipimwa, kila mmoja vipimo zaidi ya 50. Waliopimwa walijitolea, na takwimu za wasio Wazungu ziliwekwa kando. Ilibidi kufika miaka ya 1990 ndipo shirika la viwango la ASTM likatoa jedwali la vipimo vya wanawake wa miaka 55 na kuendelea. Kwa hiyo ukiwa ndani ya chumba cha kujaribia nguo unajilaumu, jua kwamba kwa muda mrefu hakuna aliyekupigia hesabu.

Wengi hukimbilia nguo pana. Naelewa, lakini sikubaliani nao. Nguo pana haina pa kujishikiza, inaning'inia kutoka sehemu iliyotokeza kuliko zote na kushuka wima kama hema. Anayekutazama anadhani mwili wote una upana wa sehemu ile. Penye kufaa kuwa sawasawa ni mabegani. Bega likikaa vizuri, sehemu iliyobaki inaweza kuachiwa nafasi na bado ukaonekana umevaa nguo wala si shuka. Na kabla ya bega, sidiria. Tishu imara za matiti hupungua na kuachia mafuta, na matiti hushuka. Ule mkunjo mdogo ambao fundi hushona kuelekea kilele cha kifua hubaki ukielekeza hewani. Sidiria iliyopimwa upya hurudisha kifua karibu na pale fundi alipokitarajia.

Kuna na suala la rangi. Nywele zinapokuwa na mvi, chembe zinazotengeneza melanini, yaani rangi ya nywele, kwenye mashina yake zimeacha kazi. Nyusi nazo hupauka, na midomo pia, kwa hiyo tofauti ya giza na mwanga usoni inapungua. Rangi iliyokuwa ikishindana na uso wako kwa usawa sasa inaushinda. Jinsi rangi mbili zikikaa jirani kila moja inavyobadilisha mwonekano wa nyingine ilielezwa na mkemia Mfaransa, Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia utiaji rangi katika kiwanda cha mazulia ya ukutani cha Gobelins, Paris. Watu walilalamika kwamba nyuzi zake nyeusi zimefifia. Alipozichunguza akakuta nyuzi hazina kosa. Zilionekana dhaifu kwa sababu ya bluu na zambarau zilizofumwa kando yake. Aliichapisha kanuni hiyo mwaka 1839, na mwenyewe akaishi hadi miaka 102.

Kwa hiyo wanaosema mtu mzima avae kijivu na kahawia tu wanakisia. Simama karibu na dirisha mchana, weka vitambaa kidevuni kimoja baada ya kingine, utazame uso badala ya kitambaa. Kuna kitakachokutia kivuli chini ya macho na kuna kitakachokifuta. Ni lazima iwe mchana, kwa kuwa lenzi ya jicho huingia umanjano kadiri umri unavyosonga na kumeza sehemu ya mwanga wa bluu. Wengi huvaa soksi moja nyeusi na nyingine ya bluu iliyokolea, wakaapa kuwa ni jozi.

Iris Apfel, Mmarekani aliyefariki mwaka 2024 akiwa na miaka 102, alijulikana kwa miwani mikubwa ya duara na bangili zilizojaa mikononi. Jumba la makumbusho la Metropolitan la New York lilifanya maonyesho ya mavazi yake mwaka 2005, wakati ambapo wenzake wengi wa rika lile walikuwa wameshaambiwa wapunguze mbwembwe. Watu humsifia ujasiri. Mimi naona pia akili ya mahali: uso na vifundo vya mikono. Huko ndiko alikopeleka macho ya watu, sehemu ambazo tepu haizisumbui.

Gauni la bluu lilikwenda kwa fundi. Alifumua mabega akasogeza mishono yake mbele, akapunguza sentimita 3 mbele juu ya kifua, akapandisha kiuno sentimita 4. Nyuma hakukuwa na kitambaa cha kuongeza, kwa hiyo akakata kipande kutoka kwenye mkanda wa gauni na kukishona mgongoni, chini kidogo ya shingo, kama pambo. Wasiojua wanadhani ni mtindo mpya. Harusini nilimtazama shangazi kwa siri: mkono wa kulia ulishika mkoba, wa kushoto sahani, na hakuna uliorudi kwenye kola.

Sasa amehamia kwenye viatu, analalamika kwamba wanatengeneza vidogo siku hizi. Kano zinazoshikilia upinde wa unyayo hulegea kwa miaka, mguu ukarefuka na kutanuka. Nimemwahidi kumpimia jioni, nyayo zikiwa zimejaa, miguu yote miwili, akiwa amesimama.