Je, wajua kwa nini Uingereza ilivificha vita vyake vya Dhofar?

Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1972, waasi wapatao 250, waliokuwa wakipigana na sultani wa Oman, waliushambulia mji mdogo wa Mirbat, katika pwani ya Dhofar kusini mwa Oman, wakisitiriwa na ukungu wa kusi ambao huifunika milima ya huko kila mwaka kati ya Juni na Septemba. Miongoni mwa waliowazuia walikuwamo askari tisa wa SAS, kikosi maalumu cha Uingereza, lakini kwa jina la kiserikali hao walikuwa timu ya mafunzo tu. Talaiasi Labalaba, mmoja wa hao tisa na mzaliwa wa Fiji, aliuawa akiwa kwenye mzinga aliokuwa ameufyatua karibu peke yake.

Sababu ya usiri huo ni hadhi ya Oman yenyewe. Oman haikuwa koloni. Ilikuwa dola yenye sultani wake, ingawa jeshi lake liliongozwa na maofisa wa Kiingereza. Zaidi ya hayo, Januari 1968 serikali ya London ilikuwa imetangaza kwamba ingeondoa majeshi yake katika Ghuba ifikapo mwisho wa 1971. Ingewezaje basi kukiri kwamba inapigana vita vipya vya kumlinda mtawala wa Kiarabu, katika nchi iliyoanza kuuza mafuta nje mwaka 1967?

Mtawala mwenyewe alikuwa mzigo. Said bin Taimur aliinyima nchi shule na hospitali, na jeshi lake lilichoma vijiji na kuharibu visima vya watu walioshukiwa kuwasaidia waasi. Tarehe 23 Julai 1970 alipinduliwa na mwanawe Qaboos, maofisa wa Kiingereza wakishiriki.

Hapo ndipo mbinu zilipobadilika. Waasi waliojisalimisha walisamehewa, wakapewa silaha na mishahara katika vikundi vilivyoitwa firqat, wakarudi kupigana katika milima waliyoijua. Kila firqat ilipojikita mahali, barabara ilichongwa na kisima kikachimbwa, kisha vikafuata zahanati, shule na duka. Kwa wafugaji wa ng'ombe na ngamia, maji yale yalikuwa na uzito kuliko hotuba yoyote, na waasi hawakuwa na cha kuyashinda.

Hata hivyo, visima peke yake havikutosha: Iran ilituma maelfu ya askari kuanzia 1973, na Desemba 1975 Qaboos akatangaza ushindi. Baadhi ya jamii zilizochimbiwa visima vipya ndizo zilizokuwa zimeharibiwa vya zamani na jeshi hilohilo la sultani, chini ya maofisa wa Kiingereza.