Waliolijenga Kanisa Anglikana Afrika Mashariki: Dhana Potofu na Ukweli

Mgeni anayefika katika Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja, husimuliwa habari za Askofu Edward Steere, na ndivyo inavyostahili, kwa kuwa ndiye aliyelijenga mahali palipokuwa soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, na humo ndimo alimozikwa mwaka 1882. Hata hivyo, masimulizi yakiishia hapo hulea dhana ambayo kwa maoni yangu ndiyo mama wa nyingine zote, yaani kwamba Wazungu ndio waliohubiri na Waafrika wakabaki kusikiliza.

Ukweli ni kwamba kazi hiyo tangu mwanzo ilibebwa na watu waliokuwa wametoka utumwani. Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kama UMCA, ilipohamia Unguja mwaka 1864, Sultani Majid alimkabidhi Askofu Tozer wavulana watano waliookolewa kutoka katika jahazi la watumwa, na mmoja wao, John Swedi, akawekwa kuwa shemasi mwaka 1879. Cecil Majaliwa, Myao aliyeonja utumwa utotoni na baadaye akasoma Kiungani, chuo cha misheni hiyo huko Unguja, alipelekwa Chitangali, karibu na Masasi, mwaka 1886. Akapewa upadre mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza kuufikia katika misheni hiyo, na kazi ya huko ikawa mikononi mwake hadi mwaka 1897.

Upande wa Mombasa hali ilikuwa hiyo hiyo. William Jones na Ishmael Semler, ambao baada ya kukombolewa walilelewa Nasik nchini India, waliwekwa kuwa mashemasi na Askofu James Hannington mwaka 1885. Mwaka huo huo Jones alifuatana na askofu huyo katika safari ya kwenda Buganda. Hannington alitangulia na watu wachache, akauawa Busoga mwezi Oktoba, na ni Jones aliyewaongoza waliosalia katika mwendo mrefu wa majonzi hadi wakafika Rabai mwezi Februari 1886. Kifo cha Hannington kinafahamika kwa wengi. Nasikitika kwamba safari ile ya kurudi haifundishwi kwa uzito uo huo.

Wengine hudhani kwamba kila mmisionari wa Anglikana alikuwa Mwingereza na tena kasisi. Johann Ludwig Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844 na kumzika mkewe Rosine mwaka huo huo, alikuwa Mjerumani mwenye malezi ya Kilutheri, ingawa alitumwa na CMS, shirika la kimisionari la Kanisa la Uingereza. David Livingstone, ambaye hotuba yake ya Cambridge mwaka 1857 ilichochea kuanzishwa kwa UMCA, hakuwa Mwanglikana. Naye Alexander Mackay wa Buganda alikuwa mhandisi kutoka Uskoti, mlei aliyefundisha, aliyechapa vitabu na kufua vyuma hadi alipofariki mwaka 1890 bila kuwekewa mikono.

Vilevile si kweli kwamba padre, kasisi na mchungaji ni vyeo vitatu tofauti. Daraja takatifu ni ushemasi, ukasisi na uaskofu; tofauti ya majina imetokana zaidi na historia, kwani palipohubiriwa na UMCA watu walizoea kusema padre, na palipohubiriwa na CMS wakazoea mchungaji. Kuhusu ndoa, wamisionari wa UMCA kutoka Uingereza walitumika wakiwa hawajaoa na bila mshahara, wakipewa posho tu, jambo lililowafanya wengi waamini kwamba Anglikana inawakataza makasisi wake kuoa. Haiwakatazi, na Majaliwa mwenyewe alikuwa na mke na watoto.

Dhana kwamba wamisionari wote walikuwa mawakala wa ukoloni inahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa ina ukweli ndani yake. Askofu Alfred Tucker alishiriki kuishawishi Uingereza isiiache Uganda. Lakini Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, mwaka 1920 alichapisha shutuma kali dhidi ya kazi ya kulazimishwa waliyotwishwa Waafrika chini ya utawala wa nchi yake mwenyewe, kwa hiyo kuwahukumu wawili hawa kwa kipimo kimoja ni kukosa haki.

Wanawake nao huhesabiwa kuwa wageni wapya katika utumishi. Lakini Weston alianzisha shirika la watawa wa kike Unguja tangu mwaka 1911. Askofu Festo Kivengere aliwapa wanawake ukasisi huko Kigezi mwaka 1983, na mwaka 2021 Rose Okeno akawa Askofu wa Butere, Kenya.

Kosa la mwisho ni kumwona mwalimu wa kanisa, au katekista, kama msaidizi wa padre tu. Haadhimishi Ushirika Mtakatifu, lakini katika vijiji vingi ndiye aliyefika kwanza, akafundisha kusoma, akawaandaa watu kwa ubatizo na kuwazika wafu wao. Apolo Kivebulaya, Mganda, aliingia Boga, katika Kongo, mwaka 1896 akiwa mlei wa namna hiyo, akapigwa na kufungwa kabla hajapata ushemasi mwaka 1900 na ukasisi mwaka 1903. Alifariki Boga mwaka 1933, na inasimuliwa kwamba aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, kwa sababu kazi ya huko ilikuwa haijaisha.