Daraja la hatari la bwawa la shambani, yaani kiwango chake cha hatari, ni nini?

Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, katikati ya masika, tuta la bwawa la shamba binafsi huko Solai, Kaunti ya Nakuru, lilipasuka. Maji yaliporomoka gizani hadi kwenye makazi ya Energy na Nyakinyua yaliyokuwa chini yake, yakaua watu wasiopungua 47. Halikuwa bwawa la umeme wala la kunywesha mji. Lilikuwa bwawa la tuta la udongo, la aina ambayo Tanzania huitwa lambo.

Kanuni za rasilimali za maji za Kenya za mwaka 2007 ziliyagawa mabwawa katika madaraja matatu. Daraja A, la hatari ndogo, lilikuwa bwawa lenye kina kisichofika mita 5 na maji yasiyofika mita za ujazo 100,000. Daraja B liliishia chini ya mita 15 na mita za ujazo 1,000,000. Zaidi ya hapo lilikuwa C. Ukubwa wa eneo linaloleta maji bwawani nao ulihesabiwa.

Neno "hatari ndogo" ndilo linalopotosha. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja, kwa hiyo bwawa la daraja A liliweza kubeba tani 90,000, sawa na safari 9,000 za lori la tani kumi. Zikishuka zote kwa mkupuo usiku, anayelala bondeni hatauliza herufi.

Marekani huanza na swali jingine: tuta hili likivunjika, nani ataumia? Ikitarajiwa kwamba watu watakufa, bwawa huwekwa daraja la juu la hatari hata kama ni dogo na limejengwa vizuri. Uimara wake hukaguliwa na kuandikwa kando. Naona huu ndio mpango wenye akili zaidi, maana unafuata watu. Lambo lililochimbwa porini linaweza kupanda daraja bila mwenyewe kugusa jembe: majirani wamegawana viwanja huko chini, wakajenga, basi.

Tuta lenyewe huuawa na mambo madogo. Mizizi ya mti ikioza huacha mwanya ndani. Mashimo ya panya na mchwa hufanya vivyo hivyo, maji yakapenya na kubeba udongo kidogo kidogo. Maji safi yanayochuruzika upande wa chini ni ya kuangaliwa. Yakigeuka ya matope, udongo wa tuta unaondoka.

Halafu kuna utoro, njia ya kutolea maji ya ziada. Mwenye shamba aliyeonja kiangazi huuziba kwa magunia ya mchanga ili abakize maji zaidi. Mvua kubwa ikija, maji hukosa pa kutokea isipokuwa juu ya tuta, na udongo ukishaanza kulika juu, pengo hupanuka upesi kuliko mtu anavyoweza kuliziba.