Mtoto akifyatua risasi, bunduki ilikuwa ya nani?

Mimi ni wakili hapa Mombasa. Zikija habari kwamba mtoto amemuua nduguye kwa bastola aliyoikuta chumbani, swali la kwanza ninaloulizwa ni: mtoto atafungwa? Sheria hulijibu upesi. Kwa mujibu wa Sheria ya Watoto ya 2022, mtoto ambaye hajatimiza miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai. Wa chini ya miaka 14 huchukuliwa kuwa hajui kupambanua jema na baya, mpaka mahakama ipewe ushahidi wa kinyume. Zamani mpaka ulikuwa miaka 8, na bado nakutana na watu, wengine wamevaa sare, wanaoshikilia hiyo 8.

Basi mtoto tumuweke kando. Familia nyingi hudhani kesi imeishia hapo: ni ajali, ni kudra ya Mungu, tuzike.

Haijaisha. Sheria ya Silaha, Sura ya 114, inamtaka mwenye bunduki aihifadhi pahali salama, na kutofanya hivyo ni kosa hata kama hakuna aliyeguswa. Kanuni ya Adhabu nayo inasema kwamba mwenye kitu kinachoweza kuhatarisha maisha ana wajibu wa kuchukua tahadhari, na madhara ya kutojali kwake ni yake. Uzembe ukivuka kiasi na mtu akafa, shtaka laweza kuwa la kuua bila kukusudia. Adhabu yake ya juu kabisa ni kifungo cha maisha.

Utetezi ninaousikia sana ni huu: "Nilishatoa magazini", yaani kile kikasha cha risasi. Bastola nyingi, ukitoa magazini, risasi iliyokwisha kuingia kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu inapolipukia, hubaki humo humo na inaweza kulia. Ama ile ya "niliificha juu ya kabati", aliyewahi kulea anajua ilivyo: mtoto hupajua kila pahali ndani ya nyumba, hasa pale alipokatazwa. Na mdogo asiyeweza kuvuta kifyatulio kwa kidole kimoja huigeuza bunduki, mdomo ukamwelekea usoni, akabonyeza kwa dole gumba zote mbili.

Huko Marekani, Florida ilitunga sheria 1989 ya kumwadhibu mtu mzima anayeacha bunduki yenye risasi pahali mtoto anaweza kuifikia. Naipenda sheria ya namna hiyo kwa sababu swali lake ni jepesi: ilifungiwa au haikufungiwa? Mtu mzima anapompa mtoto silaha kwa mkono wake, mambo huwa magumu zaidi, ajabu ni hiyo. Mwaka 2008, Massachusetts, mvulana wa miaka 8 alikufa akijaribu bunduki iitwayo Uzi, inayomimina risasi mfululizo, kwenye maonyesho. Mwandalizi alishtakiwa, na 2011 akaachiliwa. Mwaka 2014, Arizona, msichana wa miaka 9 alishindwa kuizuia Uzi, ikamuua mwalimu aliyekuwa akimfundisha. Hakuna aliyeshtakiwa.

Kuhusu fidia, mzazi hadaiwi kwa sababu tu ni mzazi. Hudaiwa kwa uzembe wake mwenyewe. Muda wa kawaida wa kufungua madai hapa kwetu ni miaka 3, ila kama bunduki ni ya serikali na mnamdai Mwanasheria Mkuu, mna miezi 12 tu. Hapa ndipo familia za Pwani huumia. Matanga, arobaini, vikao vya wazee, mwaka umepita.

Na dia, yaani fidia ya damu? Kadhi hawezi kuiamua. Katiba, kifungu cha 170, imempa ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu. Mnaweza kusikizana wenyewe, na mwaka 2013 Mahakama Kuu ya Nairobi iliwahi kukubali kesi ya mauaji iondolewe baada ya familia kulipana. Lakini ombi lile lilitoka upande wa mashtaka. Makubaliano ya nyumbani hayamfungi Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma.

Kwa hivyo wazee wakae, hakuna ubaya, lakini chukueni nambari ya OB (kitabu cha matukio cha polisi) siku hiyo hiyo, muombe nakala ya ripoti ya upasuaji wa maiti, na muandike jina la aliyepewa cheti cha bunduki ile. Kama ni silaha ya kazi, ulizeni ilisainiwa na nani ilipotoka ghalani, na kwa nini usiku ule ilikuwa nyumbani.