Kit's Coty: Tuyaone mawe haya kwa ukweli wake

Kwenye mteremko wa Blue Bell Hill, karibu na Aylesford katika jimbo la Kent, Uingereza, kuna mawe matatu makubwa yaliyosimama kwa umbo la H, na juu yake limelazwa la nne. Pembeni ni mashamba. Yamezushiwa mengi.

"Ni meza ya kafara ya madruidi, makuhani wa kale wa Waselti." Sivyo. Mawe haya ni mabaki ya chumba cha maziko, na yalisimamishwa takriban miaka 6,000 iliyopita na wakulima wa kwanza wa nchi ile. Madruidi wanaanza kutajwa kwenye maandishi karne chache tu kabla ya Kristo.

"Amezikwa Catigern, mwana wa mfalme wa Uingereza ya kale, aliyeuawa akipigana na Horsa, kiongozi wa wavamizi, mwaka 455." Hadithi tamu, lakini kaburi lilitangulia vita hivyo kwa zaidi ya miaka 4,000. Isitoshe, makaburi ya namna hii hayakujengwa kwa ajili ya mkubwa mmoja. Coldrum, kaburi la aina hiyohiyo ng'ambo ya mto Medway, lilikutwa na mifupa ya watu wasiopungua 17, watoto wakiwemo. Kwangu mimi, hilo lina uzito kuliko mwana wa mfalme yeyote.

"Limebomoka kwa uzee." Hapa ndipo panaponiuma. Nyuma ya mawe lilikuwepo tuta la udongo lenye urefu wa mita 70 hivi. William Stukeley, mtafiti wa mambo ya kale, alipolichora miaka ya 1720, lilikuwa bado linaonekana, na mwisho wake wa pili palikuwa na jiwe kubwa lililoitwa Kaburi la Jenerali. Mwaka 1867 jiwe hilo lililipuliwa kwa baruti, na tuta likaendelea kusawazishwa na plau, msimu baada ya msimu. Chini kidogo ya mteremko kuna kaburi jingine, Little Kit's Coty, lililoangushwa karibu mwaka 1690. Wenyeji husema mawe yake hayahesabiki. Yanahesabika: ni kama 20, yamelaliana ovyo kwa sababu watu waliyaangusha.

"Siku hizi liko salama, lina uzio." Sheria ya mwaka 1882 ililiweka miongoni mwa majengo ya kale ya kwanza kulindwa nchini humo, na vyuma vikazungushiwa. Lakini vyuma vimezunguka mawe manne tu. Sehemu kubwa ya kaburi iko nje, shambani.